Namna ya Kutunza Utofauti wa Kijeni wa Nyuki katika Miteremko ya Kilimanjaro na Meru

Mfugaji wa nyuki wa Moshi au Arusha anapopanga kuongeza mizinga, maswali yake ya kwanza huwa ya mbao, ya viunzi, ya bei ya asali na ya nyegere. Swali la kwamba nyuki wenyewe wametoka wapi, na malkia wao wamepandwa na madume wa wapi, huja nyuma kabisa, na mara nyingi haliulizwi. Mimi naliona kuwa ndilo la kutangulizwa, kwa sababu mzinga ulioharibika hutengenezwa kwa siku moja, ilhali utofauti wa kijeni, yaani wingi wa namna za urithi, ukishapotea katika nyuki wa mlima mmoja hakuna fundi wa kuurudisha. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuutambua utofauti huo, kuupima kwa vifaa vya nyumbani, na kuendesha manzuki, yaani mahali pa kufugia nyuki, kwa njia isiyoupunguza. Unamlenga mfugaji mdogo, mwenye mizinga michache ya viunzi vya juu (vijiti ambavyo nyuki huning'iniza masega yao) au ya magogo, ambaye hana maabara lakini ana macho, daftari na majirani.

Nyuki wa nyika na nyuki wa mlima

Nyuki wa asali wanaouma tunaowafuga sote ni wa spishi moja, Apis mellifera, ambayo wataalamu wameigawa katika nususpishi zinazokaribia 30. Nususpishi ni jamii ya ndani ya spishi iliyokaa katika mazingira yake kwa muda mrefu hadi ikapata sura na tabia zake, lakini ambayo ikikutana na jamii nyingine ya spishi hiyo huzaana nayo bila kizuizi. Nyuki wa nyika, Apis mellifera scutellata, alipewa jina lake na mwanasayansi Lepeletier mwaka 1836. Mwaka 1961 F. G. Smith, mtaalamu aliyefanya kazi ya ufugaji nyuki Tanganyika, aliwatenga kisayansi nyuki wa pwani, ambao aliwaita litorea, na nyuki wa milima mirefu, ambao aliwaita monticola.

Kwa mkazi wa miteremko yetu jambo hili si la vitabuni. Chini ya mita 1,000, huko Kahe, Arusha Chini na upande wa Mererani, nyuki ni wa nyika: wadogo, wenye mistari ya manjano tumboni, wepesi kukasirika, wepesi kugawanyika na wepesi kuhama maua yakikauka. Ukanda wa vihamba, takriban mita 1,000 hadi 1,800, ndipo wengi wetu tunapofuga, kati ya migomba, kahawa, miparachichi na migrivilea. Juu ya hapo msitu unaanza, na kuanzia karibu mita 2,000 kwenda juu hupatikana nyuki wakubwa kidogo, weusi zaidi, wenye manyoya marefu, watulivu, wanaotoka kutafuta chakula hata ukungu ungalipo. Ukanda wa vihamba umekaa katikati, na kwa hiyo nyuki wake ni mchanganyiko. Mfugaji wa Marangu au wa Machame asishangae kuona katika mzinga mmoja vibarua (nyuki majike wafanyao kazi) weusi wakitembea bega kwa bega na wenye mistari ya manjano, kwa kuwa mama yao ni mmoja lakini baba zao ni wengi.

Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliosoma jenomu (jumla ya urithi wa kiumbe) za nyuki wa Kenya, wa misitu ya milimani na wa nyanda za chini. Sehemu kubwa ya jenomu zao ilikuwa karibu sawa, ishara kwamba wamekuwa wakichanganyika muda wote. Tofauti kubwa ilikusanyika katika vipande viwili, kimoja kwenye kromosomu ya 7 na kingine kwenye kromosomu ya 9, ambavyo jeni zake hurithiwa kwa pamoja kama furushi lililofungwa. Kipande cha kromosomu ya 7 kina jeni za vipokezi vya oktopamini, kemikali inayohusika na kujifunza na kutafuta chakula kwa nyuki. Kwa mfugaji, maana yake ni kwamba yale yanayomwezesha nyuki kuishi kwenye baridi ya mlimani yamebebwa mahali padogo, na hubaki pale kwa sababu mazingira ya mlima huwachagua wanaoyabeba. Tukipandisha makundi mengi ya nyika hadi ukingoni mwa msitu, madume yao huenda kukutana na malkia wa mlimani, na furushi hilo hupungua mwaka hata mwaka bila mtu yeyote kuona kwa macho.

Kuhusu rangi, naomba mfugaji awe mwangalifu. Weusi peke yake hauthibitishi nyuki wa mlimani, maana nyuki weusi hupatikana hata tambarare. Rangi ni dokezo la kuandikwa daftarini pamoja na ukubwa, manyoya, utulivu na urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari, ambao simu yenye GPS huuonyesha.

Kwa nini baba wawe wengi

Dume wa nyuki hutokana na yai lisilorutubishwa na ana kromosomu 16 tu, zote za mama yake. Kibarua na malkia hutokana na yai lililorutubishwa na wana kromosomu 32. Hata hivyo kurutubishwa peke yake hakutoshi kulifanya yai liwe jike. Kuna jeni moja, iliyotambuliwa mwaka 2003 na kuitwa csd, ambayo ndiyo inayoamua. Yai lililorutubishwa likiwa na nakala mbili za jeni hiyo zinazotofautiana, hutoka jike. Nakala zikiwa za namna moja, hutoka dume asiyefaa kitu, ambaye vibarua humtambua akiwa buu mchanga na kumla saa chache tu baada ya kuanguliwa. Mfugaji hamwoni. Anachokiona ni chumba kitupu katikati ya majana (watoto wa nyuki walio vyumbani) yaliyofunikwa.

Hesabu yake ni rahisi na inafaa kuijua. Eneo likiwa na namna 10 za jeni hiyo zilizosambaa sawasawa, kwa wastani yai 1 katika kila mayai 10 yaliyorutubishwa hupotea. Namna zikibaki 4, hupotea robo. Malkia akipandwa na kaka zake watupu, wastani wa hasara ni robo vilevile, na akiwa amepandwa na dume mmoja tu mwenye nakala inayofanana na yake, nusu nzima ya majana hupotea. Kundi linalopoteza robo ya majana yake halifi siku ileile. Hudhoofika, hukosa vibarua wa kutosha wakati wa maua, kisha huingiliwa na nondo wa nta au huhama, na mfugaji hulaumu mzinga.

Asili imeweka kinga yake. Malkia kijana hutoka mara chache tu katika siku zake za mwanzo, alasiri, huruka hadi mahali ambapo madume wa makundi mengi hukusanyika angani, na hupandwa na madume kati ya 10 na 20 hivi, kisha huitunza mbegu yao mwilini kwa maisha yake yote. Kwa njia hiyo hasara hugawanyika: baba mmoja akiwa na nakala inayofanana na ya malkia, wengine hawanayo. Faida haiishii hapo. Vibarua wa baba mbalimbali hawaanzi kupepea mzinga kwenye joto lilelile, kwa hiyo joto la majana hupanda na kushuka kidogo tu; na ugonjwa unaowashika watoto wa baba mmoja huenda usiwashike wa mwingine. Watafiti Mattila na Seeley, katika jaribio walilolichapisha Marekani mwaka 2007, walilinganisha makundi ya malkia waliopandishwa kwa dume mmoja na yale ya malkia waliopandishwa kwa madume 15: makundi ya baba wengi yalijenga masega zaidi, yakaweka chakula kingi zaidi na kukua haraka zaidi.

Kwa hiyo nusu ya urithi wa vibarua wako haiko katika manzuki yako. Iko kwa jirani, kwenye mti wenye pango, na katika kundi lililojificha chini ya paa la ghala la kahawa.

Kupima kwa kadi ya vyumba 100

Kipimo hiki hakihitaji maabara. Chukua kadi ngumu, ukate katikati yake tundu la umbo la msambamba wenye pande nne sawa za milimita 48, pembe zake mbili za ncha zikiwa na nyuzi 60. Chumba cha kibarua wa nyuki wetu kina upana wa takriban milimita 4.8, hivyo tundu hilo hufunika vyumba 10 kwa 10, yaani 100. Kabla ya kuitumia kadi, ijaribu juu ya kipande cha sega kikavu na uhesabu. Vyumba vya nyuki wa mlimani vikiwa vikubwa kidogo, panua tundu hadi lifunike 100 kamili.

Fungua mzinga jioni, mwanga ungali wa kutosha kuona ndani ya vyumba, kwa moshi mchache na wa baridi. Inua kiunzi chenye majana yaliyofunikwa na ukishike wima muda wote. Sega la kiunzi cha juu halina fremu, na ukililaza ili uone vizuri litakatika kwa uzito wake na kumwaga majana chini. Mwambie msaidizi awapanguse vibarua kwa unyoya au brashi laini. Weka kadi katikati ya eneo lililofunikwa, mbali na kingo, kisha uhesabu vyumba ambavyo havikufunikwa. Andika idadi na urudie upande wa pili wa sega na kwenye sega jingine.

Vyumba vitupu chini ya 10 katika 100 havinitii wasiwasi. Kati ya 10 na 20 nataka kuona tena baada ya wiki tatu, kizazi kingine kikiwa kimefunikwa. Zaidi ya 20 mara tatu mfululizo, malkia akiwa yuleyule na maua yakiwapo, nahesabu kuwa kuna ndugu waliopandana. Hivyo ni vipimo vyangu vya kazi, na kila mfugaji anaweza kuvirekebisha kadiri anavyowazoea nyuki wake.

Kutofautisha sababu ndiyo sehemu ngumu. Nyuki wa Afrika ni wasafi sana na hutoa majana yenye ugonjwa au wadudu kabla hujawahi kuyaona, na usafi huo pia huacha vyumba vitupu. Nondo wa nta huacha mstari, kwa sababu buu wake hupita akitoboa chumba hadi chumba. Ugonjwa huacha harufu, vifuniko vilivyobonyea au majana yaliyobadilika rangi. Vyumba vinavyotokana na undugu hutawanyika bila mpango katika masega yote, havina mzoga wala harufu, na ukichungulia kwa makini utaona ndani yake yai jipya au buu mdogo amezungukwa na majana makubwa yaliyofunikwa, kwa kuwa malkia amerudi kutaga mahali palipoachwa wazi.

Kundi lililoshindwa kipimo halihitaji malkia wa kununuliwa mbali. Subiri wakati madume wanaonekana kwa wingi katika mizinga ya eneo lako, mwondoe malkia, na siku hiyohiyo uweke katikati ya majana sega lenye mayai na mabuu wachanga kutoka kundi lisilo na undugu nalo, la ukanda uleule wa mlima. Baada ya siku saba pitia masega ya zamani na uvunje vijumba vya malkia vilivyojengwa humo, ukiacha viwili au vitatu kwenye sega la mgeni. Kundi litakuwa limepata mama wa nasaba nyingine bila kupoteza vibarua wake.

Kupata makundi mapya

Njia bora ya kuanzisha manzuki yenye utofauti ni kuyavuta makundi ya mwituni, na si kununua makundi kumi yaliyogawanywa kutoka mzinga mmoja. Muuzaji anayekuletea kumi kwa mkupuo mara nyingi anakuletea dada kumi. Paka ndani ya mzinga mtupu nta safi ya nyuki, ongeza gundi ya nyuki na majani ya mchaichai yaliyopondwa, kisha utundike juu ya mti wenye kivuli, mita mbili hadi nne kutoka ardhini, mahali ambapo siafu hawapandi kirahisi na maji hayako mbali.

La muhimu kwa somo letu ni mahali pa kutundika. Mizinga sita ikitundikwa kwenye shamba moja inaweza kukamata makundi sita yaliyotoka katika mti mmoja msimu mmoja, hasa kwa nyuki wetu wanaogawanyika mara nyingi. Itundike kwa kuitawanya: mmoja kwako, mwingine kwa shemeji kijiji cha tatu, mwingine karibu na mto, mwingine pembezoni mwa shamba la miti, yote ndani ya ukanda mmoja wa mwinuko. Makundi yakishatulia na kujenga masega imara, yahamishe usiku, mlango ukiwa umezibwa kwa wavu unaopitisha hewa, uyakusanye manzukini. Hapo utakuwa na mama ambao si ndugu, na wengi wao watakuwa wameshapandwa na madume wa sehemu mbalimbali.

Andika kila kundi lilipotoka: kijiji, mwinuko, tarehe na rangi ya vibarua. Bila maandishi hayo, baada ya misimu miwili hakuna anayekumbuka mzinga upi ni binti wa upi.

Kugawa makundi bila kumfanya mama mmoja awe mama wa wote

Kila mfugaji ana mzinga anaoupenda, ule wa upole na wa asali nyingi, na anapofika wakati wa kugawa huuendea huo huo. Kwa miaka michache matokeo huwa mazuri. Kisha manzuki nzima inakuwa ya dada na mabinti, na madume wote wanaotoka humo wanabeba jeni za malkia mmoja. Kanuni ninayoipendekeza ni kwamba katika kila makundi manne mapya, mama mmoja asitoe zaidi ya moja. Mwenye mizinga minane ya asili nane tofauti agawe kutoka angalau minne, na msimu unaofuata azigeukie zile nyingine. Kundi la wastani lenye afya nalo lina haki ya kuacha uzao. Uvumilivu wa ukame au wa ugonjwa ambao hujawahi kuuona unaweza kuwa umo humo.

Wakati wa kugawa unaamuliwa na madume. Dume huchukua siku 24 hivi tangu yai hadi kutoka chumbani, kisha huhitaji karibu wiki mbili ili akomae. Malkia hutoka baada ya siku 15 au 16 na huanza kuruka kupandwa akiwa na umri wa siku chache tu, kwa kawaida chini ya wiki mbili. Ukigawa kundi kabla madume hawajakomaa katika mizinga ya eneo hilo, binti yako ataruka na kukuta wachache, pengine kaka zake watupu. Kwa hiyo ngoja hadi uwaone madume wazima, wenye macho makubwa na tumbo butu, wakitembea kwenye masega ya mizinga kadhaa, na kulisikia vumo lao zito langoni alasiri. Ndipo uhamishe viunzi vinne au vitano vyenye majana, chakula, vibarua wa kutosha na vijumba vya malkia vilivyofunikwa. Usiufungue mzinga huo mpya kwa wiki tatu. Malkia akirudi kutoka kupandwa na kukuta vurugu, nyuki wetu huondoka bila kuaga.

Wapo wanaokata majana ya madume kwa kudhani madume ni walaji bure. Namsihi mfugaji aache desturi hiyo. Madume wako ni mchango wako kwa malkia wa jirani, kama vile madume wa jirani walivyo mchango wake kwako. Acha sega moja la pembeni lenye vyumba vikubwa katika kila kundi lenye nguvu.

Usipandishe, usishushe

Kusafirisha mizinga kufuata maua ni jambo linalozungumzwa sana siku hizi, na faida yake ya asali inaeleweka. Hata hivyo katika miteremko yetu, safari ya saa moja kwa gari inaweza kulitoa kundi katika nususpishi moja na kulitua katika nyingine. Ninashauri safari ziwe za mlalo: kutoka Kibosho kwenda Machame, kutoka Ngaramtoni kwenda Olmotonyi, kutoka Kahe kwenda Arusha Chini. Zisiwe za kutoka Mererani hadi ukingo wa msitu wa Meru. Kundi la nyika likipelekwa juu huteseka kwa baridi na ukungu, na madume wake huingia katika jamii ndogo ya mlimani ambayo haina mahali pengine pa kukimbilia. Jamii ya nyika ni kubwa na imeenea nchi nyingi. Ile ya mlima imefungwa kileleni kama ilivyo, kila mlima na yake.

Yaliyotokea kwingine yanatosha kututahadharisha. Mwaka 1990 makundi ya nyuki wa Rasi, Apis mellifera capensis, yalihamishwa na wafugaji wa Afrika Kusini hadi eneo la scutellata kaskazini. Vibarua wa Rasi wana uwezo wa kutaga mayai yasiyorutubishwa yanayotoa majike, kwa hiyo waliingia katika mizinga ya scutellata, wakajizalisha humo kama nakala za kibarua mmoja, na makundi mengi sana yakafa. Huko Brazili, malkia wa Afrika waliopelekwa mwaka 1956 kwa ajili ya majaribio ya uzalishaji walitoroka na makundi yao mwaka uliofuata, na uzao wao ulienea karibu bara zima hadi kufika Marekani. Kundi la nyuki likishaachiwa, halirudishwi.

Usafirishaji hubeba pia wadudu. Kupe wa varoa alithibitishwa nchini Tanzania na Kenya mwaka 2009. Nyuki wetu wamemvumilia vizuri kuliko nyuki wa Ulaya, na sehemu ya uvumilivu huo inatokana na utofauti huuhuu wa kijeni pamoja na usafi wao. Anayeshawishiwa kuagiza malkia wapole kutoka nje ya nchi akumbuke kwamba upole huo haujapimwa mbele ya varoa wala ya ukame wetu, na kabla ya hatua yoyote aonane na ofisa nyuki wa wilaya, kwa kuwa mambo haya yanasimamiwa na Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002.

Miti yenye mapango na makubaliano na majirani

Makundi ya mwituni ndiyo ghala la nakala za jeni zinazokosekana mizingani. Mringaringa mzee wenye pango, mruka uliooza katikati, mgunga wa kando ya korongo: kila mti wa namna hiyo una nafasi ya kuwa nyumba ya malkia ambaye binti zako hawana undugu naye. Usikate mti huo kwa ajili ya gogo la mzinga, na anayerina humo umshawishi asichome moto; achukue masega ya asali ya pembeni, aache ya majana. Msitu wa Kilimanjaro ulioingizwa katika Hifadhi ya Taifa mwaka 2005 usiingizwe mizinga wala makundi ya kutoka chini. Mwache nyuki wa huko aendelee kushusha madume wake kwenye vihamba vya juu kwa hiari yake.

Viuatilifu ni habari ya kuzungumza na mwenye shamba kabla ya msimu. Kahawa na mboga zikinyunyiziwa jioni, nyuki wakiwa wamerudi, hasara hupungua sana, na wakulima wengi hukubali wakielezwa kwa heshima na mapema.

Manzuki moja ndogo haiwezi kutunza utofauti peke yake. Kikundi cha wafugaji wa kata moja kinaweza. Pendekezo langu ni kwamba kila mwanachama awe na daftari la aina moja, na mara moja kwa mwaka, kabla ya msimu wa kugawa, wakutane kulinganisha idadi za kadi ya vyumba 100. Mwenye makundi yenye vyumba vitupu vingi apewe sega la mayai na mwenzake wa ukanda uleule, wa kijiji kilicho kilomita kadhaa mbali, naye atoe sega lake zuri msimu mwingine. Sega lisafirishwe siku hiyohiyo, limefungwa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo ndani ya sanduku lenye joto, na kabla ya kutolewa likaguliwe pande zote kama lina ugonjwa.

Kuhifadhi sampuli kwa ajili ya utambuzi

Mfugaji aliye juu ya mita 1,800, au aliyepata kundi la nyuki weusi na watulivu kupita kawaida, ana sababu ya kutaka kujua zaidi. Arusha tuna kituo cha utafiti cha Njiro, kilicho chini ya Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, na nyuki ni sehemu ya kazi zake. Anza kwa kuuliza huko wanapokea sampuli za namna gani kabla ya kukusanya chochote.

Kwa kawaida sampuli ya kundi moja ni vibarua wapatao 30, waliochukuliwa juu ya majana na si langoni, kwa sababu langoni huingia wageni waliopotea njia. Kwa upimaji wa mabawa na mishipa yake, ethanoli ya asilimia 70 inatosha. Kwa upimaji wa jeni inatakiwa ya asilimia 95 au zaidi, na ibadilishwe baada ya siku moja kwa kuwa maji ya miili ya nyuki huizimua. Usichanganye nyuki wa mizinga miwili katika chupa moja hata kama ni jirani. Kipande cha karatasi chenye namba ya mzinga, kijiji, mwinuko na tarehe kiwekwe ndani ya chupa pamoja na nyuki, kikiwa kimeandikwa kwa penseli, kwa sababu ethanoli huyeyusha wino wa kalamu na kuiacha sampuli bila jina. Maandishi hayohayo yanakiliwe daftarini, kwenye ukurasa wa mzinga huo, na chupa ihifadhiwe mahali pa baridi na pa giza hadi siku ya kuipeleka Njiro.